Asili ya Majina ya Kahawa

Asubuhi na mapema, kabla basi la kwanza halijatoka Korogwe kwenda Tanga, mwuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, akigonga vikombe ili asikiwe. Wazee hukaa barazani, wakanywa kahawa chungu kwa kashata, wakaulizana habari za mvua. Hapana aulizaye kahawa ile yaitwaje. Ni kahawa, basi. Lakini mtu aingiapo dukani kununua kahawa ya kopo, hasemi, "Nipe kahawa." Husema, "Nipe Africafé," au, "Nipe Nescafé." Tena akipewa kopo lenye jina jingine hulirudisha. Hapo jina limekuwa na nguvu kuliko kitu chenyewe.

Basi sisi walimu tulijiuliza, Majina haya yametoka wapi, na nani aliyeyaweka? Tulipoyafuata moja moja tuliona mambo ambayo hatukuyatazamia, na mwisho wa safari yakaturudisha papa hapa petu, Korogwe na Handeni. Kwa hiyo twawaandikia wasomaji, ili nao wayapime.

Kwanza tutazame vitu viwili tuvijuavyo sana, maana vitatufundisha kanuni ya majina. Kitu cha kwanza ni mahindi. Katika Handeni yote hapana neno litajwalo zaidi mvua inapochelewa. Jina hili maana yake ni nafaka ya Kihindi. Lakini asili ya mahindi si Bara Hindi hata kidogo. Ni Amerika, katika nchi ya Mexico, ambako watu wa kale waliyalima maelfu ya miaka kabla Columbus hajavuka bahari mwaka 1492. Baada ya safari hiyo mabaharia waliyachukua wakayaeneza duniani. Watu wa pwani yetu waliiona nafaka ngeni ikitoka baharini, wakaipa jina la nchi waliyoijua ng'ambo ya bahari hiyo. Mahindi yakawa ya Kihindi, na mkulima wa Mexico hakutajwa.

Kitu cha pili ni mkonge. Kila apitaye njia kuu kati ya Korogwe na Segera ameuona. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, aliyekuwa katika kazi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Njia ilikuwa ndefu, mingi ikafa, na ile iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutoka miche hiyo michache yakatokea mashamba yote makubwa ya mkonge ya nchi hii. Sisi tuliupa jina la mkonge, ambalo wazee walikuwa nalo tangu zamani kwa mmea wa mwituni utoao nyuzi. Lakini Wazungu huuita sisal. Sisal ni nini? Ni bandari ndogo ya Yucatán, huko Mexico, ambako nyuzi zile zilipakiwa merikebuni. Wanunuzi wa mbali hawakuyaona mashamba; waliona mzigo uliotoka Sisal, wakauita mzigo kwa jina la bandari.

Hii ndiyo kanuni tuliyoiona: jina la bidhaa mara nyingi hushika mlango uliotokea, wala halishiki shamba lililoizaa. Na katika kahawa kanuni hii ina nguvu kupita vitu vyote.

Kahawa asili yake ni misitu ya Uhabeshi, ambako watu huiita buna. Yemeni, katika karne ya 15, watu wa tarika za Kisufi waliinywa ili wakeshe katika sala za usiku. Kwa Kiarabu kinywaji hicho kiliitwa qahwa, neno ambalo katika mashairi ya kale lilitumiwa kwa divai. Waturuki wakasema kahve, na kutoka kwao Wazungu wakapata coffee na Kaffee. Sisi tulilipokea neno kutoka kwa Waarabu wenyewe, tukasema kahawa, na punje tukaziita buni.

Buni hizo za Yemeni zililimwa milimani, katika matuta yaliyojengwa kwa mawe. Zikashushwa kwa wanyama hata sokoni Bayt al-Faqih, kisha zikaenda pwani, katika mji wa Mukha, penye merikebu za Waingereza, Waholanzi na Wafaransa. Mukha ni mahali pa mchanga na joto kali, wala mibuni haioti hapo. Lakini Wazungu walijua Mukha tu, hivyo kahawa yote ya Yemeni ikaitwa Mocha. Hata buni za Harar, zilizotoka Uhabeshi na kuvushwa Bahari ya Shamu, zikauzwa kwa jina hilo hilo. Baadaye Waingereza waliitwaa Aden mwaka 1839, biashara ikahamia huko, na Mukha ukadhoofika. Mji ulianguka, lakini jina likaendelea kusafiri peke yake. Leo katika hoteli za miji mikubwa mtu akiomba mocha huletewa kahawa iliyotiwa chakuleti, kitu ambacho wafanya biashara wa Mukha hawakukiota.

Jina la pili ni la wafalme. Mwaka 1715 Wafaransa waliichukua mibuni kutoka Yemeni wakaipanda katika kisiwa chao cha Bourbon, mashariki ya Bukini. Bourbon lilikuwa jina la ukoo wa wafalme wa Ufaransa. Ufaransa ilipomwondoa mfalme wake, kisiwa nacho kikabadilishwa jina mwaka 1793, kikaitwa Réunion. Lakini hapana mtu aliyeweza kuibadili kahawa jina. Ikabaki Bourbon mpaka leo. Wafalme wamepoteza kiti chao, kisiwa kimepoteza jina lao, na mbuni peke yake umelishika.

Kahawa hiyo ndiyo iliyokuja kwetu kwa mkono wa Kanisa. Mapadre Wafaransa kutoka Réunion walifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaanzisha misheni ya Bagamoyo. Pamoja na Injili walileta mbegu za bustani, na katika hizo mlikuwamo mibuni ya Bourbon. Kutoka pwani mbegu zikaingia bara, hata Kilema katika Kilimanjaro. Na upande wa Kenya zikafika Bura katika Taita, na misheni ya Mtakatifu Austin karibu na Nairobi. Wakulima wa Kiingereza wa Kenya walipoiona kahawa hiyo wakaiita French Mission, maana yake Misheni ya Wafaransa. Mpaka leo wataalamu wa kahawa duniani huijua kwa jina hilo. Mapadre wale walilima kwa ajili ya kuitunza misheni. Hawakudhani kazi yao ya jembe itawaachia jina katika biashara ya ulimwengu.

Sasa tuje kwenye makopo ya dukani. Nescafé ni neno lililounganishwa kwa mawili. La mwisho ni café, yaani kahawa kwa Kifaransa. La kwanza ni kipande cha jina la mtu, Henri Nestlé, aliyezaliwa Frankfurt katika Ujerumani mwaka 1814, kisha akahamia Vevey katika Uswisi. Kwa lugha ya kwao jina lake lina maana ya kiota kidogo, ndiyo sababu alama ya kampuni yake ni ndege katika kiota pamoja na makinda. Biashara yake ya kwanza yenye sifa ilikuwa chakula cha watoto wachanga, wala si kahawa, naye alifariki mwaka 1890. Kahawa ilikuja baadaye sana. Bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mwaka 1929, Brazil ilikuwa na shehena kubwa isiyo na wanunuzi, na kampuni ikaombwa itafute njia ya kuihifadhi. Mtaalamu wake Max Morgenthaler akashughulika miaka mingi, hata akapata unga uyeyukao katika maji ya moto. Ulianza kuuzwa Uswisi mwaka 1938. Basi anywaye Nescafé hutaja kiota cha Mjerumani, kwa sababu ya mashaka ya wakulima wa Brazil.

Huko Marekani iko kahawa maarufu iitwayo Maxwell House. Ilikuwa hoteli katika mji wa Nashville. Tajiri mmoja, John Overton, alianza kuijenga mwaka 1859, akaiita kwa jina la ukoo wa mkewe, Harriet Maxwell. Katika ujenzi huo watumwa walifanya kazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaukatiza, na nyumba isiyokwisha ikatumiwa na askari. Hoteli ikafunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1892 mfanya biashara Joel Cheek aliwauzia wenye hoteli kahawa aliyoichanganya mwenyewe, kisha akaiita kwa jina la hoteli. Usiku wa Krismasi mwaka 1961 hoteli ikateketea kwa moto. Nyumba haipo, lakini jina la mama yule bado limo katika makopo. Majina ya wale walioyachukua matofali mabegani hayakuandikwa popote katika kopo.

Sasa turudi nchini kwetu. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha kahawa iyeyukayo kilijengwa Bukoba, katika nchi ya Wahaya, ambao walikuwa na mibuni yao tangu kale. Kabla ya kuja kwa Wazungu walizichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, wakampa mgeni azitafune kwa heshima. Kampuni ya kiwanda hicho ikaitwa Tanganyika Instant Coffee, na kwa kifupi TANICA. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na baadaye mwaka huo nchi ikapewa jina la Tanzania. Lakini ndani ya neno TANICA Tanganyika imesalia. Kahawa yake ndiyo Africafé, yaani Afrika na café, jina lililojengwa kama lile la Nescafé. Tofauti ni hii: mahali pa jina la mtu mmoja pamewekwa jina la bara zima. Kwa hiyo Mhaya aliyeilima hakutajwa, wala Bukoba haikutajwa, ila Afrika yote imetajwa.

Jirani yake Kilimanjaro ilipata bahati nyingine. Wachaga walijiunga mapema. Chama chao cha wakulima wa kahawa kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama cha ushirika, KNCU, kilichokusanya kahawa yao na kuiuza kwa pamoja. Jina la mlima likaenda mbali. Japani kahawa ya Kilimanjaro inajulikana sana, na husemwa kwamba sifa yake ilikuzwa na filamu ya Kimarekani ya mwaka 1952 juu ya theluji za mlima huo. Lakini sikilizeni ajabu. Kwa kanuni za wafanya biashara wa Japani, kahawa yote ya arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, yaweza kuitwa Kilimanjaro. Hivyo mkulima wa Mbinga au wa Mbozi, ambaye labda hajauona mlima ule hata siku moja, kahawa yake hunywewa Tokyo kwa jina la Kilimanjaro. Jina moja limefunika mashamba ya nchi nzima, kama Mukha ulivyofunika milima ya Yemeni.

Hapa ndipo habari inapofika Korogwe. Maana ulikuwako wakati ambapo jina la kahawa ya nchi hii huko Ulaya lilikuwa Usambara. Hata jina hilo lenyewe limepita mlango wa watu wengine: wenyeji huiita nchi yao Shambaai, lakini Dk. Krapf, aliyekwenda Vuga kwa Mfalme Kimweri mwaka 1848, aliandika Usambara, na ramani zote zikamfuata. Mwaka 1891 Wajerumani walianzisha shamba la Derema katika Usambara ya Mashariki, wakafyeka msitu, wakapanda mibuni. Mashamba mengine yakafuata. Kwa ajili ya mashamba hayo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Ikaitwa Reli ya Usambara. Na katika mji wa Berlin, katika duka la vitu vya makoloni, watu wakanunua kahawa ya Usambara.

Ni nani walioilima? Wanyamwezi na Wasukuma waliotembea kwa miguu kutoka bara, pia watu wa China na wa Java walioletwa kwa merikebu, kwa sababu wenyeji walikuwa na mashamba yao wenyewe. Mwaka 1907 huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, serikali iliwapa wenyeji kadi, na kila mwenye kadi ikampasa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Hayo yote hayakuonekana katika pakiti ya Berlin. Lilionekana neno moja tu: Usambara.

Na jina hilo halikudumu. Udongo wa msitu ule, ulipokosa miti ya kuufunika, ulipoteza nguvu kwa mvua nyingi. Wadudu waliitoboa mibuni, na kutu ya majani ikaishika. Bei nayo ikashuka kwa sababu ya wingi wa kahawa ya Brazil. Wenye mashamba wakageukia mpira na mkonge. Mwaka 1911 reli ikafika Moshi, na ndipo likatokea jambo la kushangaza: reli iliyojengwa kwa ajili ya kahawa ya Usambara, yenye jina la Usambara, ikapitisha hapa Korogwe kahawa ya Kilimanjaro ikienda Tanga. Wazee wetu waliusikia mlio wa gari lililobeba jina la jirani, na jina letu likasahauliwa na wanywaji.

Je, jambo hili lina maana gani kwetu? Wako watakaosema, Jina ni maneno tu, tupeni bei. Lakini jina na bei ni ndugu. Habari ya Uhabeshi yatufundisha. Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo iliomba Marekani iyaandike majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kuwa mali yake, kwa kuwa ni majina ya mahali kahawa yake ilimwapo, na wenye maduka walipata faida kubwa kwayo kuliko mkulima. Wafanya biashara wa kahawa wa huko wakapinga. Pakawa na mabishano makubwa na kampuni ya Starbucks, iliyoanzishwa Seattle mwaka 1971. Na Starbucks ni jina la nani? Ni la baharia mmoja katika kitabu cha Herman Melville cha mwaka 1851, kiitwacho Moby-Dick. Mtu wa hadithi, ambaye hakuishi kamwe. Baharia huyo asiyekuwako alikuwa na jina lililolindwa na sheria. Yirgacheffe, mji wenye watu na makaburi ya babu zao, ulilazimika kuliombea lake. Mwaka 2007 walipatana, na kampuni ikakubali kuyatumia majina yale kwa mapatano na Uhabeshi.

Sisi wa Handeni na Korogwe si wakulima wakubwa wa kahawa. Lakini tuna mahindi, tuna machungwa, tuna mkonge, na wengine wana mizinga ya nyuki. Gunia huondoka hapa halina alama yo yote. Likifika kwa mnunuzi, hupewa jina la mji lilipouzwa, au la tajiri aliyelinunua. Hatukudhulumiwa katika hili na mtu mmoja. Tumefuata tu kanuni ya mlango. Atoaye mali isiyo na jina amempa mwenzake ruhusa ya kuiita apendavyo.

Lakini tukumbuke pia upande wa pili. Jina la shamba likiandikwa, lazima shamba liwe na haki ya kuandikwa. Asali iliyotiwa sukari, mahindi mabovu yaliyofichwa chini ya mema, kipimo kilichopunguzwa: hayo huua jina upesi kuliko ukame. Maandiko hutuonya juu ya mizani ya udanganyifu, tena hutufundisha kwamba jina jema lapita mali nyingi. Na wazee walisema, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wachaga hawakupata jina kwa mlima peke yake. Walipata kwa kukusanyika, kuchagua buni njema, na kuuza pamoja. Hayo hayahitaji mlima wenye theluji. Yahitaji majirani wenye kuaminiana.

Basi msomaji, utakapoishika tena kahawa ya kopo, lisome jina lake, ukakumbuka bandari, mfalme, kiota, na nyumba iliyoungua. Kisha utazame gunia lililo mlangoni pako, nawe ujiulize ni nani atakayelipa jina.